Vita vya 1812: Mmarekani alivyochomewa Ikulu, na jinsi kitambaa cha merikani kilivyofika kwa bibi zetu

#1 Mkekabovu

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Jana kwa kinyozi kuna mbishi kaapa kwamba Mmarekani hajawahi kuguswa nyumbani kwake na jeshi la nchi nyingine. Pearl Harbor, kambi yao iliyopigwa na Mjapani, anasema ile ni visiwani, haihesabiki. Nikamwambia ndugu yangu, Ikulu ya Washington ilishachomwa moto na askari wa kigeni, tena kabla ya kuwasha kiberiti walikaa mezani wakala chakula cha Rais. Kijiwe kizima kikacheka. Kinyozi akazima mashine, kichwa cha mteja kimenyolewa nusu, akaniuliza, "Hiyo kweli, au unatupiga kamba?" Nikasema nitaleta uzi. Ndio huu.

Kwanza tusichanganye mafaili. Vita vya uhuru vilianza 1775 vikaisha kwa mkataba wa Paris 1783. Siongelei hivyo. Naongelea raundi ya pili, Juni 1812 hadi Februari 1815. Shuleni tulivipita kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria.

Chanzo ni baharini. Mwingereza alikuwa anapigana na Napoleon, ana manowari zaidi ya 500, na mabaharia hawamtoshi. Maisha ndani ya manowari zile yalikuwa viboko, biskuti zenye funza na mshahara wa kungoja miaka. Mabaharia wakawa wanatoroka, wengi wanaishia kwenye meli za biashara za Marekani ambako malipo yalikuwa mazuri. Basi ikawa hivi: manowari ya Kiingereza ikikutana na meli ya Mmarekani inaisimamisha, ofisa anapanda, mabaharia wanapangwa mstari kama wanafunzi waliochelewa, anawasikiliza wanavyoongea. Akiamua wewe ni Mwingereza, umekwisha. Unavushwa, unapewa kamba uvute. Cheti cha uraia unacho mfukoni? Atakwambia umekinunua bandarini, na kweli vilikuwepo vya kununua, kwa hiyo mwenye cheti halali naye aliumia. Wamarekani waliochukuliwa hivyo kabla ya vita walizidi 6,000.

Mwaka 1807 mambo yakapitiliza. Nje kidogo ya pwani ya Virginia, manowari ya Kiingereza Leopard iliidai manowari ya Marekani Chesapeake (manowari ya serikali, si ya biashara) iwatoe watoro. Ikakataliwa. Ikafyatua. Watu 3 wakafa, 18 wakajeruhiwa, wanne wakachukuliwa. Rais Jefferson hakuwa na jeshi la maana la kujibu, akachagua dawa ya ajabu: akapiga marufuku meli za Marekani kwenda kuuza nje. Mtu kagombana na wateja, kajifungia duka mwenyewe! Miji ya bandari ya kaskazini mashariki, Boston na Salem, ikabaki na meli zinazoozea gatini. Huo mji wa Salem muuweke kichwani, tutaurudia.

Chanzo cha pili ni ardhi, na hiki hakikuimbwa sana. Walowezi walikuwa wanasukuma kwenda magharibi. Chifu wa Washawnee, Tecumseh, akawa anazunguka kuyaunganisha makabila ya wenyeji ili pasiuzwe tena hata ekari moja bila idhini ya wote. Novemba 1811 jeshi la gavana Harrison wa Marekani lilipigana na watu wake kule Tippecanoe na kukichoma kijiji chao. Bunduki za Kiingereza zilikuwa zinawafikia wenyeji kupitia Kanada (enzi hizo koloni la Mwingereza), na wabunge vijana wa kusini na magharibi, Henry Clay akiwa mbele, wakapiga kelele: tuichukue Kanada, tumalize yote mawili kwa mpigo.

Tarehe 18 Juni 1812 vita vikatangazwa. Bunge la chini 79 kwa 49, Seneti 19 kwa 13. Wenye meli, ambao ndio mabaharia wao walikuwa wanatekwa, wengi walikataa vita. Waliotaka ni watu wa mashamba, wengine hawajawahi kuionja maji ya chumvi. Na siku tano tu baadaye, kabla habari haijafika London, serikali ya Uingereza ilizifuta amri zake za kuzuia biashara ya baharini ambazo zilikuwa moja ya malalamiko makubwa. Habari ilikuwa inavuka Atlantiki kwa tanga.

Naendelea jioni.

#2 DaktariWaPikipiki

Nimekaa mkao wa kula. Usije ukatokomea kama yule wa uzi wa Titanic, mpaka leo meli haijazama.

#3 Kiberiti

Mkuu hongera, ila usitupambie. Mwisho wa siku Mmarekani alishinda. Nchi ndogo imesimama na dola kubwa kuliko zote. Hayo mengine ni mbwembwe.

#4 Mkekabovu

Kiberiti, subiri mwisho ndio uwashe.

Mpango ulikuwa kuitwaa Kanada. Jefferson mstaafu aliandika kuwa itakuwa kazi ya kutembea tu hadi Quebec. Haya, walitembea. Jenerali Hull akavuka kutoka Detroit kwa mbwembwe, akaogopa, akarudi. Jenerali Brock wa Uingereza pamoja na Tecumseh wakamfuata. Brock akamwandikia Hull kwamba vita vikianza, wenyeji watakuwa nje ya uwezo wake kuwazuia. Ndani ya ngome Hull alikuwa na binti yake na wajukuu. Tarehe 16 Agosti 1812 akatundika kitambaa cheupe, askari zaidi ya 2,000 wakasalimu amri mbele ya jeshi dogo kuliko lao. Baadaye mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo, Rais Madison akamsamehe kwa heshima ya utumishi wake vita vya kwanza.

Oktoba, kule Queenston Heights kwenye mto Niagara, Wamarekani wa mbele wakavuka na kupanda kilima. Mgambo wa New York waliobaki ng'ambo wakatazama majeruhi wanavyorudishwa kwa mitumbwi, wakasema sheria yao inawataka kuulinda mkoa wao, si kuvuka mpaka. Wakagoma. Wenzao wakamalizwa wanawaona. Brock naye alikufa siku ile.

Baharini sasa, ambako kila mtu alitegemea aibu, wakapata sifa. Marekani ilikuwa na manowari kama 16 tu za maana. Agosti 1812 manowari yao Constitution ikaivunjavunja Guerriere ya Uingereza, na kwa kuwa risasi za mizinga zilionekana zinadunda kwenye mbao zake za mwaloni ikapewa jina la utani la chuma. Meli hiyo ipo hadi leo, inaelea Boston. Kijeshi ushindi ule haukubadilisha kitu, maana kufikia 1814 Mwingereza alikuwa amezifunga bandari karibu zote. Waliomuuma kweli ni wenye meli binafsi waliopewa vibali vya kuteka. Walikamata meli za biashara za Kiingereza zaidi ya 1,000, na matajiri wa London wakaanza kulalamika bima imepanda.

Mwaka 1813 Perry, kamanda wa majini wa Marekani, akashinda ziwa Erie mwezi Septemba, njia ya Waingereza ikakatika, wakarudi nyuma. Tarehe 5 Oktoba kwenye mto Thames, ndani ya Ontario ya leo, Wamarekani wakawafikia. Waingereza wakavunjika haraka. Tecumseh hakukimbia. Aliuawa pale, na mwili wake ulizikwa mahali ambapo hapajulikani.

#5 baridi_kali

Habari zenu ndugu. Niko huku Ontario mwaka wa kumi na mbili, theluji imenifanya nisome. Mkuu umeruka kitu. Kabla ya Washington kuungua, waliochoma mwanzo ni Wamarekani. Aprili 1813 waliingia York, ndiyo Toronto ya leo. Waingereza walipokuwa wanaondoka wakalipua ghala la baruti. Mawe yakanyesha, yakamuua jenerali Pike wa Marekani na kuua na kujeruhi mamia ya askari wake. Wenzake wakapandwa hasira, jengo la bunge likateketea, nyumba za watu zikaporwa. Desemba mwaka huohuo wakachoma kijiji cha Newark, leo Niagara-on-the-Lake, wanawake na watoto wametolewa nje kwenye theluji. Theluji ya Desemba huku si ya kwenye kadi za Krismasi, nawaambia mimi ninayeikwangua kwenye kioo cha gari saa kumi na moja alfajiri.

Ngome ya York bado ipo, imebanwa na reli upande mmoja na barabara ya juu upande mwingine. Niliwapeleka watoto. Mdogo alirudi nyumbani akaniambia, "Mama, sisi tuliwashinda Wamarekani." Nikamuuliza sisi nani, wewe babu yako wa Moshi.

#6 Mkekabovu

Asante dada, umenisaidia kufika mjini.

Aprili 1814 Napoleon kaanguka. Mwingereza sasa ana askari wazoefu wasio na kazi. Agosti akawashusha kama 4,500 kwenye ghuba ya Chesapeake, wakiongozwa na jenerali Ross, pembeni yake yuko amiri Cockburn, mtu aliyekuwa amezunguka ghuba ile mwaka mzima akichoma maghala. Waziri wa vita wa Marekani alikuwa anashikilia kwamba hawa hawawezi kwenda Washington, wataenda Baltimore, Washington kuna nini? Mji wenyewe ulikuwa matope, majengo machache na ng'ombe wanakatiza.

Tarehe 24 Agosti walikutana Bladensburg, kilomita chache kutoka mjini. Rais Madison alikuwepo uwanjani kwa mwili wake, na nusura apitilize hadi upande wa adui. Wamarekani walikuwa wengi zaidi, ila karibu wote ni mgambo. Waingereza wakarusha fataki za Congreve, zile roketi zenye kelele nyingi na shabaha haba, mgambo wakatimua mbio. Magazeti yakayaita mapigano yale "mbio za Bladensburg". Waliobaki wakapigana ni mabaharia wa kamodori Barney, weupe na weusi pamoja, wakisaidiwa na wanamaji, mpaka wakazungukwa.

Ikulu mke wa Rais, Dolley Madison, alikuwa ameagiza chakula cha mchana kama kawaida. Kijana wa miaka 15, Paul Jennings, mtumwa wa familia ile, ndiye aliyeandaa meza. Kuna hadithi maarufu kwamba Dolley mwenyewe aliiangua picha kubwa ya George Washington akakimbia nayo. Jennings alikuja kuandika kumbukumbu zake uzeeni, akasema hapana: picha ilikuwa juu, ilihitaji ngazi, walioishusha ni bawabu Mfaransa na mtunza bustani. Mama aliokoa vijiko vya fedha alivyoviingiza kwenye mkoba.

Jioni Waingereza wakafika. Wakakuta nyama, wakakuta divai, wakala, wakanywa. Kisha wakapanga viti juu ya meza wakawasha. Bunge likaungua na maktaba yake ya vitabu kama 3,000. Kesho yake ikaja dhoruba ya ajabu, upepo unang'oa mapaa, mvua ikazima moto, na usiku Waingereza wakaondoka.

Jefferson, ambaye madeni yalikuwa yamemfika shingoni, akaiuzia serikali vitabu vyake 6,487 kwa dola 23,950. Maktaba ya Bunge ya leo, kubwa kuliko karibu zote duniani, ilianzia upya hapo. Alipomaliza kuuza akaanza kununua vingine. Wenye ugonjwa wa vitabu mnanielewa.

#7 Mwalimu Chaki

Kijana unaenda vizuri. Naongeza moja kabla mtu hajaileta: si kweli kwamba Ikulu ile iliitwa nyeupe kwa sababu ilipakwa rangi kufunika masizi. Ilipakwa chokaa tangu 1798, na jina hilo watu walikuwa wameshaanza kulitumia kabla ya moto. Nimelisahihisha hilo darasani miaka thelathini, na bado wanafunzi wangu waliojukuu wananitumia kwenye simu.

#8 Mkekabovu

Shikamoo mwalimu. Nilikuwa nakaribia kuliandika, umeniokoa.

Baada ya Washington walikwenda Baltimore. Jenerali Ross akapigwa risasi njiani tarehe 12 Septemba, akafa. Manowari zikaipiga ngome ya McHenry saa 25 mfululizo. Wakili Francis Scott Key alikuwa amekwenda kwa Waingereza kumwombea daktari mmoja aliyekamatwa, wakamzuia hadi shambulio liishe. Alfajiri ya tarehe 14 akaona bendera kubwa bado inapepea, akaandika shairi ambalo mwaka 1931 lilifanywa rasmi wimbo wa taifa. Mwandishi huyo wa mistari ya nchi ya watu huru alikuwa anamiliki watumwa. Naliacha hapo, nitalirudia.

Siku chache kabla, tarehe 11 Septemba, huko kaskazini kikosi cha majini cha Mmarekani Macdonough kilishinda kwenye ziwa Champlain mbele ya Plattsburgh, jeshi kubwa la Kiingereza likarudi Kanada. Hapo ndipo Wellington, jenerali maarufu wa Uingereza, alipowaambia wakubwa wake London kwamba kwa hali ilivyo vitani hawana haki ya kudai ardhi yoyote.

Wajumbe walikuwa wameshakaa mji wa Ghent, Ubelgiji ya leo, tangu Agosti. Wakasaini tarehe 24 Desemba 1814. Na mkataba ulisema nini? Kila mtu arudi alipokuwa. Mpaka uleule. Kuhusu mabaharia waliotekwa, chanzo cha ugomvi wote, hakuna hata neno moja.

Habari ikiwa bado iko baharini, tarehe 8 Januari 1815, jenerali Pakenham wa Uingereza akapeleka askari wake kwenye uwanda wa mashina ya miwa nje ya New Orleans. Jenerali Andrew Jackson wa Marekani anawangoja nyuma ya boma la udongo na mizinga, ana wakulima wa Tennessee na Kentucky, vikosi viwili vya weusi huru, wenyeji wa kabila la Wachoctaw, na maharamia wa Jean Lafitte. Wale waliotakiwa kubeba ngazi za kupandia boma walichelewa kuzileta. Ndani ya saa mbili Waingereza walipoteza watu 2,000 hivi, waliokufa, kujeruhiwa na kutekwa. Wamarekani waliokufa nyuma ya boma lile ni 13. Pakenham alirudi kwao ndani ya pipa la pombe.

#9 DaktariWaPikipiki

Kwa hiyo watu 2,000 kwa sababu posta imechelewa? Halafu mimi nalalamika bando.

#10 Mkekabovu

Mkuu, hiyo husemwa sana, lakini mkataba wenyewe uliandika kwamba vita vitakoma pande zote mbili zikiuridhia. Seneti iliuridhia tarehe 16 Februari. Kwa hiyo siku ile, kisheria, vita vilikuwa vinaendelea.

Sasa Kiberiti, twende kwenye ushindi wako. Mmarekani anasema alishinda kwa sababu ya New Orleans. Mkanada anasema alishinda kwa sababu hakumezwa. Mwingereza vita hivi alivisahau, maana miezi minne baadaye kulikuwa na Waterloo, alikomshinda Napoleon aliyekuwa amerudi. Wamarekani kama 15,000 walikufa, wengi kwa kuhara na homa kuliko risasi, na deni la taifa likapanda kutoka dola milioni 45 hadi zaidi ya milioni 120. Chama cha Federalist, kilichopinga vita na kufanya mkutano Hartford wakati mbaya kabisa, kilionekana cha wasaliti, kikafa.

Walioshindwa hawakuwa mezani. Pale Ghent mwanzoni Waingereza walidai ardhi maalumu ya wenyeji, nchi ya katikati kati ya Marekani na Kanada. Walipoona mazungumzo yanakwama wakaitupa hoja hiyo kama ganda la ndizi. Kikabaki kifungu cha tisa kinachosema wenyeji warudishiwe walichokuwa nacho 1811. Hakikutekelezwa.

Na huko kusini Jackson alikuwa ameshamaliza kazi. Machi 1814, Horseshoe Bend, aliwaua zaidi ya 800 wa kabila la Wacreek waliokuwa wanapinga walowezi. Walioogelea mto kuiba mitumbwi ya adui na kumfungulia njia ni Wacherokee, wakiwa upande wake. Wacreek wengine pia walikuwa upande wake. Agosti akawaita wote, rafiki na adui, akawasainisha mkataba wa kutoa ekari milioni 23. Chukua Rwanda na Burundi uziunganishe, bado hazijai. Sehemu kubwa ilitoka kwa wale waliompigania. Alipokuwa Rais alisaini sheria ya 1830 ya kuwahamisha wenyeji kwenda ng'ambo ya Mississippi, na mwaka 1838 wale Wacherokee walioogelea mto nao walisombwa na mitutu.

#11 baridi_kali

Na watumwa, Mkekabovu? Uliahidi.

Ngoja nianze mimi. Tarehe 2 Aprili 1814 amiri Cochrane wa Uingereza alitoa tangazo: yeyote anayetaka kuhama Marekani apokelewe kwenye meli za Kiingereza, ama ajiunge na jeshi ama apelekwe koloni akaishi huru. Neno watumwa halikuandikwa, ila kila mtu alilisoma. Takriban 4,000 walitoroka, familia nzima nzima ndani ya mitumbwi usiku. Wanaume mamia wakafunzwa kisiwa cha Tangier ndani ya Chesapeake, wakavaa koti jekundu. Walikuwepo Bladensburg. Yaani katika jeshi lililoingia Washington kuna watu waliokuwa mali ya mtu Maryland mwaka uliotangulia.

Kama 2,000 waliletwa huku Kanada, Nova Scotia, wakapewa mawe wayaite mashamba. Wale askari walipelekwa Trinidad mwaka 1816, kila familia ekari 16, wakakaa kwa vikosi vyao. Vijiji hivyo hadi leo vinaitwa Third Company, Fifth Company, Sixth Company. Na wao wenyewe waliitwa Wamerikin. Nina jirani wa Trinidad, bibi yake ni wa huko.

Wenye watumwa walidai fidia. Kesi ikaenda kuamuliwa na mfalme wa Urusi, na mwaka 1826 Uingereza ikalipa dola 1,204,960. Wakalipwa wamiliki.

#12 Bi Mkasi

Jamani mimi msomaji tu, ila hapo pa Wamerikin nimeshtuka. Mimi ni fundi cherehani Tanga. Marehemu bibi alikuwa na kitambaa anakiita merikani. Sio nyeupe ya kung'aa, ni rangi ya maziwa yaliyolala, ina vidoa vyeusi vya maganda ya mbegu za pamba. Ukiinunua ni ngumu ya wanga, inasimama yenyewe kama kadibodi. Ukiifua mara tatu inalainika na haichaniki kirahisi. Ukitaka kuikata hauhitaji chaki, unatia mkasi kidogo pembeni halafu unaipasua kwa mikono, inakwenda mstari mpaka mwisho, inalia kraaa. Sisi tulijua merikani ni jina tu. Inahusiana na hawa?

#13 Mkekabovu

Bi Mkasi, wewe ndiye uliyenifanya niandike uzi huu bila kukujua. Asili ya jina ni moja, Amerika, ila njia ni mbili. Hii ya kitambaa inapita hapahapa kwenye vita.

Kabla ya marufuku ya Jefferson, Marekani ilinunua vitambaa Uingereza na India. Bandari zilipofungwa, kitambaa kikawa adimu na matajiri wa Boston wakabaki na fedha zisizo na meli ya kuzibeba. Mmoja, Francis Cabot Lowell, alikuwa ametembelea viwanda vya Uingereza miaka miwili hadi 1812. Kutoa nje michoro ya mashine za kufumia ilikuwa kosa, kwa hiyo aliibeba kichwani. Akarudi, akamchukua fundi Paul Moody, na mwaka 1814, vita vikiendelea, kiwanda chao cha Waltham kikaanza kazi: pamba inaingia mlango mmoja, kitambaa kinatoka mwingine, kila kitu chini ya paa moja. Mashine zao zilifaa kufuma kitu kimoja tu, nguo nzito isiyopaushwa. Ile yenye vidoa vyako.

Amani ilipokuja Waingereza wakamwaga vitambaa vya bei ya kutupa. Bunge likajibu mwaka 1816 kwa ushuru uliolenga hasa vitambaa vya bei ya chini. Viwanda vikapona, vikazaana.

Pamba yao ilitoka wapi? Mississippi ikawa jimbo 1817, Alabama 1819. Kwenye zile ekari milioni 23, wakulima walihamia na watumwa, waliotembezwa kwa miguu na minyororo kutoka Virginia na Maryland, palepale ambapo wenzao walitoroka na Waingereza.

Sasa Salem. Marufuku na vita vilikuwa vimeuvunja mji ule. Boston na New York zikanyakua biashara kubwa, manahodha wa Salem wakabaki kutafuta bandari zisizo na wenyewe. Miaka ya 1820 wakafika Unguja. Walitaka pembe, sandarusi na ngozi. Walichokuja nacho ni nguo nzito isiyopaushwa. Watu wakaipenda kuliko ya India kwa sababu ilidumu, wakaiita kwa jina la walioileta. Tarehe 21 Septemba 1833, kule Maskati, Sultani Seyyid Said akasaini mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani Edmund Roberts, ushuru asilimia 5. Mwaka 1837 akaja balozi mdogo wa kwanza Unguja, Richard Waters. Wa wapi? Salem.

#14 Mwalimu Chaki

Na bara ilikuwa fedha kabisa. Mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne shuka, minane doti, na kipande kizima kama kilivyotoka kiwandani ni jora. Mpagazi wa Kinyamwezi alilipwa kwa mikono ya merikani. Msafara ukipita kwa mtemi unatoa hongo kwa doti, na siku hizo hongo lilikuwa neno safi, ushuru wa kupita njia. Angalieni lilikofika.

Nyongeza kwa wapenda meli. Roberts alikuja na manowari iitwayo Peacock. Peacock ya kwanza ilipigana vita hivihivi. Ilifyatua mizinga yake ya mwisho ya vita hivyo karibu na Java tarehe 30 Juni 1815, miezi minne baada ya amani, nahodha hataki kuamini vita vimekwisha. Ilibomolewa na kujengwa upya 1828. Iliporudi 1835 kuleta mkataba ulioridhiwa ikakwama kwenye matumbawe karibu na Masira, ikabidi watose baadhi ya mizinga ili ielee.

#15 Bi Mkasi

Kipande cha bibi ninacho bado, nimeshonea foronya. Jioni nitakipima mikono.

#16 Kiberiti

Nimesoma yote. Mimi bado nasema alishinda, ila sasa nina swali: nani?

#17 Mkekabovu

Nimetoka kwa kinyozi. Yule mbishi amesoma mpaka #6. Sasa anasema Ikulu iliyochomwa Rais hayumo ndani haihesabiki.